Mkunjo na Kishikio: Kulisoma Tangazo Namba 2356

Tangazo Namba 2356 katika Gazeti Rasmi la Kenya, lenye tarehe 28 Februari 2017 na jina la Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu, ni matini fupi mno: utangulizi unaotaja mamlaka ya kisheria, sentensi moja kuu, fasili mbili zilizotengwa kwa herufi, basi. Ndilo lililoondoa mifuko ya plastiki, yaani majuala, madukani kuanzia 28 Agosti mwaka huo. Kwa kuwa athari yake ilionekana kwa macho, kuanzia mitaro ya Jogoo Road hadi kingo za Mto Nairobi unapopita Gikomba na Korogocho, limejadiliwa karibu wakati wote kama tukio la utawala: limefaulu au limeshindwa, limemwonea nani, limemfaidi nani. Hoja yangu ni kwamba kufaulu na kushindwa kwake kulikwisha kuandikwa katika umbo lake. Zaidi ya hayo, ni umbo hilo, kuliko itifaki yoyote ya kikanda, linalotuonyesha jinsi nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinavyozisogeza sheria zao za mazingira hadi zikafanana.

Tuanze na utangulizi, sehemu ambayo macho hupenda kuiruka. Tangazo linajiegemeza kwenye vifungu viwili vya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999: cha 3 na cha 86. Cha 3 ni kifungu cha haki. Kinamhakikishia kila mtu aliye Kenya mazingira safi na yenye afya, na ndiyo haki ambayo Katiba ya 2010 iliipandisha hadhi katika Ibara ya 42. Cha 86 ni kifungu cha kiufundi kinachohusu viwango vya taka. Kimoja kinazungumza na raia, kingine kinazungumza na mkaguzi wa taka, na kuvitaja kwa pumzi moja ni uamuzi wa kiutunzi, hata kama mwandishi wake alidhani anatimiza desturi ya ofisi tu. Sentensi inayofuata inarithi sauti zote mbili: ina uzito wa haki na ukavu wa kipimo.

Sentensi hiyo kuu imejengwa kwa namna ambayo sheria zetu hazijengwi mara nyingi. Haisemi kwamba mtu yeyote hataruhusiwa kufanya jambo fulani. Inauarifu umma kwamba Waziri amekwisha kupiga marufuku, na kwamba marufuku hayo yataanza kufanya kazi miezi sita baada ya tarehe ya tangazo. Tendo liko katika hali timilifu, athari iko katika wakati ujao, na kati ya hizo mbili kuna miezi sita. Msomaji anafika baada ya tendo kwisha. Hana pendekezo la kupinga, ana tarehe ya kusubiri. Wenye viwanda waliojaribu kuirudisha sentensi hii katika hali ya pendekezo kwa kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi walishindwa, na hukumu ya Juni 2018 ikaliacha tangazo kama lilivyoandikwa. Sidai kwamba majaji walisoma njeo. Ninachosema ni kwamba njeo iliwawekea wapinzani kazi ngumu tangu mwanzo, kwa kuwa walilazimika kubomoa kitu kilichokwisha kusimama.

Kisha zinakuja nomino tatu: matumizi, utengenezaji, uingizaji. Mpangilio huu unastahili kusomwa polepole. Mantiki ya bidhaa ingeanza kiwandani au bandarini na kuishia mkononi mwa mnunuzi. Tangazo limeanza na mkono. Mtumiaji ndiye wa kwanza kutajwa, na mwenye kiwanda anafuata. Jambo jingine ni nomino ambayo haipo: kuuza. Tangazo halimtaji muuzaji, wala halimtaji anayehifadhi, anayesambaza au anayekutwa nalo mfukoni. Wasomaji wa mitaani hawakuliona pengo hilo, kwa sababu neno «matumizi» lilitanuka likawameza wote. Mama mboga anayemfungia mteja nyanya anatumia. Mteja anayebeba nyanya anatumia. Kijana anayepita na mkokoteni amejaza majuala ya kuwauzia kina mama naye anahesabiwa kuwa anatumia. Nomino moja iliyotangulia imefanywa kubeba mnyororo mzima wa biashara ndogo.

Lakini sehemu ninayoiona kuwa mafanikio makubwa ya matini hii ni fasili zake mbili. Herufi (a) inataja mfuko wa kubebea: wenye vishikio, uwe na mikunjo ya pembeni au usiwe nayo. Herufi (b) inataja mfuko bapa: usio na vishikio, uwe na mikunjo au usiwe nayo. Yaliyomo ni hayo tu. Ukizipanga sifa hizi mbili, kishikio na mkunjo, utapata mifuko minne inayoweza kuwaziwa, na yote minne imo ndani. Huu ndio mfumo funge kwa maana kamili ya istilahi: hakuna mfuko wa tano. Yeyote anayetaka kukwepa fasili hawezi kuikwepa kwa kubadilisha umbo la mfuko, kwa sababu kila badiliko la umbo limekwisha kuhesabiwa. Marudio ya kirai kile kile, uwe nayo au usiwe nayo, yanafanya kazi ya kina katika shairi: yanafunga mshororo na kumwambia msikilizaji kwamba hakuna kilichoachwa wazi.

Uzuri wa fasili hii hauonekani vyema mpaka tuilinganishe na zile zilizoitangulia. Mwaka 2007 serikali ilijaribu kuzuia mifuko yenye unene wa chini ya mikroni 30, pamoja na ushuru wa asilimia 120. Mwaka 2011 kizingiti kikapandishwa hadi mikroni 60. Majaribio yote mawili yalififia. Sababu za kisiasa na za viwanda zinajulikana, nami sizikatai, ila kulikuwa na kasoro ya kimatini pia. Mikroni haionekani. Askari wa kaunti aliyesimama katika soko la Burma hawezi kujua kwa jicho kama plastiki iliyo mbele yake ina mikroni 29 au 31, na mwenye duka hawezi kujua kama alichouziwa na msambazaji wake ni halali. Fasili iliyosimama juu ya unene ilihitaji chombo cha kupimia ambacho hakikuwa mikononi mwa msomaji yeyote aliyekusudiwa. Fasili ya 2017 imeuacha unene kabisa na kuhamia kwenye umbo, jambo ambalo jicho na kiganja vinatosha kulithibitisha.

Fasili hiyo inatosha pia kwa sikio, na hili naliona kuwa na uzito zaidi. Tangazo liliandikwa kwa Kiingereza katika chapisho ambalo watu wa Kayole au Dandora hawalinunui. Liliwafikia kwa redio, kwa mdomo wa msambazaji, kwa mteja aliyetoka mjini. Matini inayopita njia hiyo hupoteza takwimu kwanza, kisha masharti, kisha istilahi. Ya mikroni ingefika ikiwa imekatika. Hii ilifika nzima, kwa kuwa kiini chake kinasimulika kwa sentensi moja: yenye mkono na isiyo na mkono, zote zimekatazwa.

Kati ya fasili hizo mbili, (a) na (b), iliyoigusa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kwa undani ni ya pili. Mjadala wa magazetini ulikuwa wa mfuko wa kubebea, ule wa supamaketi, unaomhusu anayenunua vitu vingi kwa mara moja. Katika mitaa ya Huruma, Mathare, Kariobangi na Dandora, mfuko uliotawala ulikuwa ule bapa, mwembamba, mdogo, usio na mkono. Ulikuwa chombo cha uchumi wa kadogo: sukuma iliyokatwakatwa tayari kwa sufuria, robo ya sukari, mafuta ya kupima, githeri iliyokwisha kuchemshwa, omena za kipimo kimoja. Mtu anayepata riziki ya siku hununua mahitaji ya siku, na kila kipimo cha siku kilihitaji mfuko wake. Kwa kuipa herufi (b) nafasi sawa na herufi (a), bila neno la kutofautisha, tangazo limeweka katika mizani moja mfuko wa kubebea mizigo na mfuko wa kugawia chakula. Usawa huo wa kisarufi ni wa kuvutia, na ni mkali. Mfuko wa kwanza ulikuwa na mbadala tangu zamani, kiondo au kikapu. Wa pili haukuwa nao, kwa maana hakuna kikapu kinachobeba mafuta ya kupima.

Hapo ndipo inafaa kurudi nyuma kidogo, kwenye kirai kilichotangulia fasili. Mifuko iliyokatazwa ni ile inayotumika kwa ufungashaji wa kibiashara na wa nyumbani. Kirai hiki kinaonekana kupanua. Biashara na nyumba, nini kimebaki? Kimebaki kiwanda. Baada ya tangazo kutolewa, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilifafanua kwamba vifungashio vya kwanza vya viwandani, yaani plastiki inayogusana na bidhaa moja kwa moja na kufungwa pale bidhaa inapotengenezwa, vimesamehewa iwapo vina alama ya kumtambulisha mtengenezaji. Mkate ukabaki katika plastiki yake, na sukari ya pakiti ikabaki katika yake. Mfumo uliokuwa umefungwa kwa upande wa umbo ulikuwa umeachwa wazi kwa upande wa kusudi.

Tazama sasa matokeo yake dukani. Kilo moja ya sukari iliyofungwa kiwandani kwa plastiki ni halali. Mwenye duka wa Kayole anapoifungua na kuigawa mara nne kwa wateja wanne wasio na pesa za kilo nzima, na kumpa kila mmoja robo yake katika mfuko bapa, anavunja sheria mara nne. Plastiki ni ile ile, sukari ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayefunga na kwa kiasi gani. Anayenunua kwa wingi amelindwa na kirai, na anayenunua kidogo ameachwa nje yake. Sidhani mwandishi alikusudia hivyo. Ila matini huhukumiwa kwa inachofanya, na hii inagawanya watu kwa ukubwa wa kipimo wanachoweza kukilipia. Ikiwa leo majuala membamba yamerudi kichinichini katika masoko mengi ya mashariki mwa Nairobi, yakitolewa chini ya meza, yamerudi hasa katika umbo la herufi (b), mahali ambapo matini iliondoa chombo bila kuitambua kazi yake. Mifuko ya kitambaa kisichofumwa, iliyojaza nafasi ya herufi (a) upesi na ambayo NEMA yenyewe iliamua kuipiga vita mwaka 2019 kwa sababu ya ubora wake hafifu, haikuwahi kuijibu kazi hiyo.

Adhabu nayo haimo. Tangazo halina hata shilingi moja ndani yake. Linaitegemea sheria mama, ambayo kifungu chake cha 144 kinaweka adhabu ya jumla kwa makosa yasiyopangiwa adhabu maalumu: faini ya kati ya milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4, au vyote viwili. Adhabu hii ya kuazima haina ngazi. Haijui tofauti kati ya mwenye mashine ya kutengeneza mifuko katika Eneo la Viwanda na mama anayeuza maharagwe kando ya reli. Hapa ulinganishi na kanuni za Tanzania zilizoanza kutumika 1 Juni 2019 unasaidia sana. Zile ni matini ndefu zaidi, zenye utaratibu wa kanuni kamili. Zinataja uingizaji, usafirishaji nje, utengenezaji, uuzaji na matumizi, yaani zinaanza bandarini na kumalizia kwa mtumiaji, kinyume kabisa cha Nairobi. Na adhabu zake zimepangwa kwa ngazi: mtengenezaji anaweza kutozwa hadi shilingi bilioni 1 za Tanzania, ilhali anayekutwa na mfuko au anayeutumia anakabiliwa na faini ya kati ya 30,000 na 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7. Ngazi hiyo ni hoja iliyoandikwa kwa tarakimu: hatia hupungua kadiri mfuko unavyosogea mbali na mashine. Katika tangazo la Kenya hoja hiyo haipo, nami naiona kuwa ndiyo kasoro yake kubwa ya kiutunzi, kubwa kuliko ukosefu wa neno «kuuza».

Hata hivyo kuna kitu ambacho Dar es Salaam na Nairobi wanakubaliana bila mkataba wowote kuwalazimisha. Kanuni za Tanzania zinakataza mifuko ya kubebea bila kujali unene wake. Mikroni imeachwa huko pia. Nchi mbili zilizokuwa zimehangaika na vizingiti vya unene kwa miaka mingi zimefika kwenye fasili ya umbo zikitofautiana kwa miaka miwili tu, na kabla yao Rwanda ilikwisha kuipiga marufuku mifuko ya politini kwa sheria ya Septemba 2008. Uganda ilikuwa imeyaweka marufuku ya kaveera, kama mifuko ya plastiki inavyoitwa huko, ndani ya Sheria ya Fedha ya 2009, mahali ambapo katazo la mazingira linasomeka kama tanbihi ya ushuru, na kaveera bado zinauzwa Kampala.

Swali la uwianishaji wa sheria za kikanda linapaswa kuulizwa kutoka hapa. Katika Umoja wa Ulaya nchi inayoomba uanachama hupewa sura za kujadili, mazingira yakiwa sura ya 27, na haiingii mpaka sheria zake zimelinganishwa na za Umoja. Muundo huo una mwelekeo mmoja: kutoka kwenye kundi kwenda kwa mgombea. Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha 30 Novemba 1999, hauna muundo huo. Ibara yake ya 3 inapoorodhesha mambo ya kuzingatia kabla ya kumpokea mgombea, inataja utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, ujirani wa kijiografia, uchumi wa soko, upatanifu wa sera za kijamii na kiuchumi. Mazingira hayamo. Yamewekewa sura ya peke yake, ya 19, Ibara ya 111 hadi 114, na humo vitenzi ni vya kutambua, kukubali, kushirikiana, kuandaa sera ya pamoja. Ni vitenzi vya nia. Havina tarehe, na mtenda wake daima ni wengi: Nchi Wanachama, kwa pamoja.

Kutoka kwenye nia kwenda kwenye sheria kuna mlango mwembamba. Muswada wa kudhibiti politini, uliobebwa katika Bunge la Afrika Mashariki na Patricia Hajabakiga wa Rwanda, ulikuwa jaribio la kuyapa maneno ya sura ya 19 umbo la katazo. Chini ya Ibara ya 63, muswada wa Bunge hilo unahitaji idhini ya wakuu wa nchi zote, na mmoja akiendelea kuikataa baada ya muswada kurudishwa, muswada unakufa. Tangazo la Nairobi lilipoanza kutumika Agosti 2017, Jumuiya haikuwa na sheria yake ya politini inayofanya kazi. Itifaki ya mazingira na maliasili iliyotiwa saini Aprili 2006 nayo ilikaa miaka mingi ikisubiri kuidhinishwa na wote. Matini ya pamoja ilikwama, matini za kila nchi zikasonga, na zikasonga zikiangaliana. Aliyeongoza hakuwa mwanachama mkongwe. Rwanda iliingia Jumuiya Julai 2007 na kupitisha sheria yake mwaka uliofuata. Mgeni ndiye aliyeweka kielelezo, wenyeji wakaja kukifuata baada ya karibu muongo mmoja.

Mtu anaweza kunipinga kwamba navidharau vitenzi vya nia, na pingamizi hilo lina ushahidi. Mwaka 2010 shirika la kutetea wanyama la African Network for Animal Welfare, lenye makao yake Nairobi, liliishtaki Tanzania katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kuhusu mpango wa kujenga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Serengeti. Juni 2014 mahakama iliamua kwamba mpango huo ungekiuka Mkataba, ikitegemea ibara zizo hizo, zikiwamo ya 111 na ya 114. Vitenzi laini, basi, vinaweza kukaza mbele ya jaji. Lakini viliweza kuzuia tendo moja lililotajwa, mahali palipotajwa, baada ya miaka minne ya mabishano. Kuondoa mfuko katika kila kibanda kati ya Shauri Moyo na Njiru ni kazi ya aina nyingine, inayohitaji fasili ambayo askari, mwenye duka na mteja wanaishika kwa pamoja bila kumwita wakili.

Somalia imethibitisha upya kwamba sheria za nchi hizi husogea kwa kuigana umbo. Ilikamilisha uanachama wake wa Jumuiya Machi 2024, na marufuku yake ya mifuko ya plastiki ya matumizi ya mara moja yakawekwa kuanza 30 Juni mwaka huo huo. Hakuna ibara ya Mkataba iliyoidai. Umbo lilikuwa limekwisha kusambaa: agizo fupi la wizara, kitu kinachotambulika kwa jicho, tarehe moja.

Iwapo Bunge la Afrika Mashariki litaandika upya muswada wake, malighafi ya kimatini ipo tayari katika nchi wanachama: fasili funge kutoka Nairobi, mpangilio wa nomino na ngazi ya adhabu kutoka Dar es Salaam. Kinachokosekana katika matini zote nilizozitaja ni kifungu cha mgawaji, yule anayefungua pakiti kubwa na kuuza kidogo kidogo. Kifungu hicho kingepaswa kumtaja kama mhusika mwenye kazi yake, kumwekea msambazaji wa jumla wajibu wa kumletea kifungashio cha karatasi au chombo kinachorudishwa pamoja na bidhaa, na kueleza kipimo cha robo kwa lugha ile ile iliyokwisha kutumika kuueleza mkunjo na kishikio.